Boksi Litaandikwa Jina la Bibi

Shangazi Kikue, shikamoo. Nakuandikia mimi Simbamarara wa Amagasaki, jina langu halisi naomba ulifiche kabisa kwa sababu mji huu mimi najulikana, ukisema tu yule kijana wa nywele za dhahabu anayefunga majukwaa upande wa Kuise hata paka wanageuka, na naomba msaada wako upesi kwa sababu Jumapili hii ndiyo tarehe ishirini na tatu, na ikishapita hiyo hata ukinijibu kwa mashairi hayatanisaidia kitu. Naomba pia usome mpaka mwisho ndipo unitukane. Najua unavyotukana. Nyumbani kwetu wewe unasomwa kila Jumatano, na msomaji ni mimi.

Kwanza ujue unaongea na nani. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari ya juu, au tuseme tuliachana kwa amani, tangu hapo nafunga majukwaa, yale mabomba ya chuma yanayozungushiwa jengo ili mafundi wapande, na bila kujisifu, Shangazi, ingawa najisifu, hakuna kijana wa miaka ishirini kati ya hapa na Osaka anayetembea juu ya bomba ghorofa ya saba huku anatafuna mkate wa maharage kama mimi. Bosi wangu mwenyewe, mzee ambaye hajamsifia mtu tangu azaliwe, aliwahi kunitazama kutoka chini akasema, "Huyo hafi leo." Kazini kwetu hiyo ni nishani.

Sasa kuna mashine ya gemu inatoka. Labda mambo haya huyajui, lakini pale stesheni wamebandika tangazo lake kubwa kuliko la mgombea ubunge. Inaitwa Yamabiko. Ni ndogo kama boksi la chakula cha mchana, unaichomeka kwenye runinga, unahesabu moja, mbili, imewaka. Gemu za mashine yao ya kwanza inazisoma zote. Umeme ukikatika au mtu akijikwaa kwenye waya inakumbuka ulipofikia, siyo kama ile ya zamani, ambayo bibi alikuwa akipita na mashine yake ya kufyonza vumbi anakuzikia kazi ya miezi mitatu bila hata kusema pole. Na kishikio chake, Shangazi, kishikio ndiyo habari yenyewe. Ukipita kwenye theluji kinakuwa cha baridi mkononi, ukikaribia moto kinapata joto, halafu kinakatika katikati kama biskuti, vipande viwili, na kila kipande kinajitegemea, yaani unaweza kucheza gemu zima, mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono mmoja na mwingine umeutia mfukoni. Hicho kipande kishike vizuri kichwani, ndicho kilichonileta kwako.

Mwezi wa nane, mapumziko ya saa nne, washikaji walikuwa wamekaa juu ya mbao wanakunywa chai ya shayiri na kubishana nani ataipata Yamabiko, na mdomo wangu mimi una breki mbovu, nikasema, "Siku ya kwanza kabisa, jioni, itakuwa mezani pale bwenini kwenu, nimeibeba mimi mwenyewe."

Sugimori, ambaye ananionea wivu tangu siku nilipoanza kazi, akasema, "Na ikikosekana?"

"Nikiikosa ninyoeni."

"Zote?"

"Zote. Mpaka ngozi ing'ae."

Hata bosi aligeuza shingo, kwa sababu nywele hizi nimezifuga miaka miwili, na wewe unajua hapa kwetu mtu akinyolewa kipara watu hawaulizi kwa nini, wanajua tu amefanya upuuzi, kinachobaki ni kuulizana upuuzi gani.

Mashine zenyewe ni chache, kwa hiyo duka linapigisha bahati nasibu, kadi moja ya uanachama, jina moja. Nikajiandikisha. Nikamwandikisha na bibi, kwa ile kadi yake anayonunulia betri za redio, bila kumwambia. Nikajaribu na marehemu babu, maana kadi yake bado iko kwenye droo chini ya madhabahu yake pale sebuleni, lakini mfumo ukamkataa, ukasema muda wake umekwisha. Nilimwomba radhi, nikamwashia ubani.

Mimi nikakosa. Bibi akapata.

Bibi yangu anaitwa Hatsue, ana miaka themanini na moja, tunaishi wawili tu, na yeye ndiye aliyenilea tangu sijui kufunga viatu. Ile kadi ya posta ilipofika nilimkuta ameishika mbali na uso, amekunja jicho moja.

"Ginji, hawa watu wananipongeza. Nimefanya nini?"

"Bibi! Umeshinda!"

"Nimeshinda nini? Mara ya mwisho nilishinda sufuria ya wali, ikaungua siku ya tatu."

Nikamweleza, na nikamsomea masharti, na hapo ndipo niliona duka hili limetukomoa. Wanawachukia walanguzi, wale wanaonunua leo na kuuza kesho kwa bei ya kuchoma mtu. Kwa hiyo aliyeshinda aje mwenyewe kwa miguu yake, na kitambulisho chenye picha. Jina lake litaandikwa juu ya boksi kwa kalamu nene ya wino mweusi, na boksi litakatwa palepale lisiuzike tena kama jipya. Halafu, Shangazi, ataulizwa maswali matatu kuhusu mashine, moja la umbo, moja la uwezo, moja la kishikio, ili waone kama kweli anaitaka au ametumwa. Ukikosa hata moja unaagwa kwa adabu, wanakuinamia mpaka kiunoni, na mashine anapewa mwingine.

Kitambulisho alikuwa nacho. Miaka miwili iliyopita bibi alipigwa na kiharusi, akapona, lakini mkono wa kushoto ukabaki umekaa tu pale hauna kazi, na leseni ya gari akaenda kuirudisha polisi mwenyewe kabla hajaambiwa, wakampa ile kadi ya waliorudisha leseni, na ameifungia kwenye pochi, hajawahi kumwonyesha mtu. Usione ni jambo dogo. Bibi aliendesha kirikuu miaka thelathini na moja akisambaza kreti za bia kwenye baa zote za upande huu wa mto. Wazee mpaka leo wanasimulia alivyokuwa anaingia vichochoro kinyumenyume bila kugusa hata chungu cha maua. Kirikuu chenyewe kiliuzwa wiki ileile.

Basi nikaanza kumfundisha. Kila jioni kabla ya kula, tumekaa kwenye meza yetu ya joto, miguu chini ya blanketi, kijitabu cha Yamabiko katikati. Herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa, kwa hiyo nasoma mimi, yeye anaandika nyuma ya karatasi za kalenda.

"Bibi, inawaka kwa sekunde ngapi?"

"Mbili. Babu yako alikuwa anahitaji dakika arobaini na vikombe vitatu vya chai."

"Gemu za zamani inasoma?"

"Zote. Haina dharau kama vijana."

"Mtu akijikwaa kwenye waya?"

"Inakumbuka. Na mimi nakumbuka ulivyolia siku niliyoizima ile ya kwanza. Darasa la nne. Kamasi mpaka kwenye supu."

"Hilo hawatauliza, Bibi."

"Wakiuliza nitajibu."

Akawa moto kuliko mimi. Ananiuliza akiwa jikoni, ananiuliza akiwa chooni, mlango umefungwa. Mpaka Ijumaa ya wiki iliyopita nikafanya kosa la kumwonyesha kwenye simu video ya gemu la magari litakalotoka pamoja na mashine, barabara za milimani, kona juu ya kona, mvua, ukungu, kirikuu nacho kimo kati ya magari ya kuchagua. Aliichukua simu akaiegemeza kwenye birika la chai.

"Huyu dereva mjinga," akasema.

"Ni gemu, Bibi."

"Kona ni kona. Unapunguza kabla ya kuingia, huingii ndiyo ukumbuke breki. Ona! Ona alivyochelewa! Huyu angenivunjia bia zote."

Akairudia. Mara nne. Bega lake la kulia lilikuwa linalala kila kona. Halafu akanigeukia, na Shangazi, sijawahi kuyaona macho yake yakiwa vile tangu kirikuu kiuzwe.

"Ginji. Aliyeshinda ni mimi, siyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Jina litakaloandikwa ni langu."

"Ndiyo."

"Basi ataendesha mwenye jina. Wewe utasubiri zamu kama watu kwenye bafu la mtaa."

Mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa naona mashine inabaki hapa nyumbani kwenye meza ya joto, naona meza ya bwenini haina kitu, naona Sugimori anatia wembe makali. Nikaanza kuwaza niseme nini. Na yeye, kama vile amenisaidia, akauangalia mkono wake wa kushoto pale kwenye blanketi, akauliza kwa sauti ya chini, "Hicho kishikio kinashikwaje?"

Kijitabu kilikuwa mbele yangu. Ukurasa wa sita. Herufi nyekundu, kubwa kuliko zote: MKONO MMOJA UNATOSHA.

Nikasema, "Kwa mikono miwili, Bibi. Lazima miwili."

Alisema, "Ahaa." Halafu akasema, "Haya." Akaikunja ile karatasi ya kalenda, akainuka, akaenda kuosha mchele, na anavyouosha siku hizi ni bakuli kalibana kwa tumbo kwenye sinki, mkono mmoja unazungusha, nikawa nasikia mchele unalia tu shaa, shaa, muda mrefu kuliko mchele wowote unavyohitaji.

Nilidhani yameishia hapo. Hayajaishia. Kesho yake jioni alikuja mwenyewe na karatasi zake. "Tuendelee. Mimi sitacheza, lakini wewe unaitaka, nikakuchukulie." Na sasa, Shangazi, ona mtego niliojitegea. Swali la tatu ni la kishikio. Kila mtu mtandaoni anasema wataliuliza hilohilo, la mikono, kwa sababu ndiyo sifa yake kubwa. Na bibi yangu amekariri uongo wangu. Kila jioni ananiuliza, "Kishikio ni mikono miwili, eti Ginji?" na ananitazama usoni mpaka nitikise kichwa. Jana ameuliza mara tatu. Asipojua ukweli, atajibu miwili, tutainamiwa mpaka kiunoni na kurudi mikono mitupu. Akijua ukweli, atajua nilimdanganya, na nilimdanganya kwenye mkono wake.

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza, nimwambie kampuni imebadilisha mashine dakika ya mwisho. Ya pili, nimwambie wakiuliza la kishikio ajifanye hasikii vizuri, mimi nijibu. Ya tatu, nimfundishe kusema "mmoja" kama neno la siri, nimwambie ni utaratibu wa duka. Wewe una akili na umeishi sana, nichagulie ipi itafanya kazi au nitungie ya nne, ili mashine nipate, nywele zibaki, na bibi asiumie. Sipendi anavyoosha mchele siku hizi. Na Jumatano hii usijali, nitamwambia gazeti limelowa mvua.

Ni mimi,
Simbamarara wa Amagasaki

SHANGAZI KIKUE ANAJIBU

Simbamarara gani wewe. Simbamarara hamwogopi bibi wa kilo arobaini. Na umeniomba nifiche jina lako halafu umelitaja mwenyewe ndani ya barua zaidi ya mara moja. Nimeyabadilisha majina yote, la kwako na la bibi na la huyo mwenye wembe, usinishukuru, ndiyo kazi. Barua yako nimeirusha juu ya nyingine kumi na nne, akiwemo mama mmoja ambaye mumewe amehamia kwenye banda la njiwa tangu mwezi wa sita. Amekubali kusubiri. Wewe una mpaka Jumapili.

Nianze na yale mazuri, hayatachukua muda. Unaishi na bibi yako. Unamsomea gazeti. Umesikia mchele. Vijana wengi wa umri wako mchele ungelia mpaka uote, wasisikie. Kwa hiyo moyo unao, ila umeuweka chini ya nywele.

Sasa kaa vizuri.

Bahati nasibu hukushinda wewe. Uliiba kadi ya mtu, ukaandika jina la mtu, na bahati ikamwendea mwenye jina. Hilo peke yake ningekucheka nikakuacha, kila familia mji huu imemwandikisha bibi yake mahali fulani. Lakini bibi alipokuuliza kinashikwaje, hakuwa anauliza habari za kishikio. Mwanamke huyu alipeleka leseni yake polisi kwa miguu yake, bila kusubiri kuburutwa, baada ya miaka thelathini na moja kwenye usukani. Unajua ni wanaume wangapi wananiandikia hapa watoto wao wamewaficha funguo na bado wanatambaa gizani kuzitafuta? Yeye alifunga mlango ule mwenyewe. Miaka miwili baadaye anaona ufa wa mwanga, anakuuliza wewe, mtu pekee anayemsomea herufi ndogo, kama mle ndani kuna nafasi ya mtu wa mkono mmoja. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu. Wewe ukaweka kiganja chako juu yake. Kwa sababu ya nywele!

Nywele zinaota, mpumbavu wewe. Ndiyo kazi yake pekee.

Halafu unaniomba nikuchagulie uongo wa kufunika uongo. Kampuni imebadilisha, duka lina utaratibu, bibi ajifanye kiziwi. Mkono umeshamnyima, sasa unataka na masikio? Unayetembea ghorofa ya saba unajua vizuri: bomba likiwa limefungwa vibaya chini, hulifungii jingine juu yake. Unashuka.

Na kuna jambo hujaliona, ingawa umeliandika mwenyewe kwa mwandiko wako ule wa kuku aliyetoroka. Umeniambia kwamba stesheni kuna tangazo kubwa kuliko la mgombea. Nimetoka kwenda kulitazama, maana nalipwa kwa ajili ya upuuzi kama huu. Kuna picha ya mwanamke ameshika kipande kimoja mkononi, na mkono wa pili amebeba mtoto aliyelala. Herufi bibi yako hazioni. Picha ya ukubwa wa nyumba anaiona, na sokoni haendi kwa kuruka juu ya stesheni. Unasema kwa siku moja amekuuliza mara tatu. Mtu aliyekariri sekunde, waya na gemu za zamani bila shida, kwa nini anarudia jibu hilo moja, na kwa nini anakutazama usoni?

Sina hakika. Labda hajui, na amelimeza. Labda anajua tangu Jumamosi, na kila jioni anakufungulia mlango mdogo upite, na kila jioni unatikisa kichwa na kubaki nje. Vyovyote iwavyo, unalotakiwa kufanya ni lilelile.

Gazeti halijalowa. Leo ni Jumatano. Kaa kwenye meza yenu, mfungulie ukurasa huu, umsomee kama kawaida, kwa sauti, kuanzia shikamoo. Usiruke mstari. Ukifika pale pa mchele simama kidogo. Kunywa chai, endelea.

Bi Hatsue, kama kijana amesoma mpaka hapa, shikamoo. Ni mimi Kikue. Mjukuu wako ni mwongo, lakini ni mwongo anayesumbuka, na hao wanarekebishika. Kofi unaruhusiwa, mkono wa kulia nimeambiwa uko salama. Na kuhusu kona ya tatu kwenye ile video, nimeitazama. Umesema kweli, alichelewa breki.

Wewe kijana, endelea kusoma, sijakumaliza. Ukishamaliza ukurasa huu, usiseme "samahani kama umeumia." Hakuna kama. Piga magoti, paji la uso chini, sema, "Nilikudanganya kuhusu mkono wako kwa sababu nilikuwa naitaka mimi." Maneno hayo, kwa mpangilio huo, basi. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Akikuambia hataki tena mashine, usifurahi hata kwa sekunde zako mbili. Mwambie uamuzi ni wake, na karatasi za kalenda ziache palepale mezani alipoziacha. Kisha mfungulie ukurasa wa sita na umwachie kijitabu pamoja na kioo cha kukuzia. Asome mwenyewe. Amechoka kusomewa na wewe.

Kesho asubuhi, mapumziko yenu ya saa nne, waambie washikaji kwamba Yamabiko haiji bwenini, kwamba ni ya bibi yako, na kwa nini. Ndiyo, pamoja na kwa nini. Wakikunyoa, inamisha kichwa. Huyo Sugimori atafurahi wiki moja; mpe, maskini, inaonekana hana kingine. Na wenye kipara hawasumbuliwi na upepo huko juu, bosi wako atakuambia.

Jumapili akiamua kwenda, vaa nguo safi, simama hatua mbili nyuma yake, na mdomo wako ufunge. Atatoa kile kitambulisho kwenye pochi mbele za watu kwa mara ya kwanza. Usimsaidie kukitoa. Atachukua muda, foleni itakohoa, ikohoe. Maswali ajibu yeye. Jina lake likiandikwa kwenye boksi, boksi libebe wewe, jina likitazama nje, treni nzima ilisome.

Nyumbani, chomeka nyaya, kata kishikio katikati, mpe kipande, kisha fanya jambo gumu kuliko yote niliyokuagiza leo. Atachelewa kuibonyeza breki. Atagonga mlima. Atatumbukia mtoni na bia zote. Atafanya hivyo mara mia moja, na kila mara kiganja chako kitawasha, na ulimi wako utataka kusema, "Lete Bibi, nikuonyeshe." Ukimnyang'anya kishikio kile hata mara moja, usiniandikie tena.

Nunua kilo mbili za machenza wakati mnarudi. Gari linaendeshwa kwa mkono mmoja, chenza halimenyeki kwa mkono mmoja. Kaa upande wake wa kushoto, menya, mtilie mdomoni kwenye barabara iliyonyooka, na ukiona kona inakuja, subiri.